Arobaini ya Kihindi: maswali ya mama anayenyonyesha

Ayurveda inamtunzaje mzazi?
Tiba hii ya kale ya Uhindi humtaka mama apumzike takriban mwezi na nusu. Inaamini kuwa uzazi humjaza mwili upepo na baridi, basi kila apewacho ni cha moto. Kerala mzazi hukandwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopikwa na mitishamba, akaogeshwa maji yaliyochemshiwa majani. Punjab hupikiwa panjiri: unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, ukatiwa lozi na viungo. Watu wa Mombasa na Unguja, wenye mkaja wao na maji ya moto, hawatashangaa. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala kufungwa kabla daktari hajaruhusu.

Uwatu na shatavari (mzizi wa dawa wa Kihindi) huongeza maziwa?
Tafiti ni ndogo na majibu yake hayalingani. Kinacholeta maziwa ni kunyonya kwenyewe: titi likitolewa maziwa mara kwa mara, mwili hutengeneza mengine. Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mara nyingi mama anayelalamika kuwa maziwa hayatoshi anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kumpakata mtoto na kumshikisha titi vizuri, si kikombe kingine cha uwatu. Uji wa uwatu wenyewe hauna ubaya. Lakini uwatu hushusha sukari, na huweza kuingiliana na dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo mwenye kisukari au anayemeza dawa hiyo amuulize daktari kwanza.

Na vidonge na dawa za unga?
Hapa silegezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa maduka ya Boston, Marekani. 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Kula vya jikoni, achana na kopo usilojua limetoka wapi.

Bibi anataka mtoto alambishwe asali kwanza.
Hapana, kwa heshima zote. Asali inaweza kumpa mtoto wa chini ya mwaka mmoja sumu inayolegeza misuli hata ya kupumulia. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya njano yasikamuliwe yakamwagwa. Kisha maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Mzazi asitoke kabisa?
Kupumzika ni haki yake, ila atembeetembee humo ndani, maana kulala kutwa huchangia damu kuganda miguuni. Akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, akipata homa, kichwa kikimuuma sana huku macho yakiona ukungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, arobaini iishe isiishe.