Maarifa ya moyo si mbadala wa kusoma

Hapa Dodoma, vijiweni na hata katika mahubiri ya vipaza sauti, maarifa kwa maana yake ya kiroho yameanza kutajwa kana kwamba ni kinyume cha kusoma. Mtu akibanwa kwa aya, hujibu kwamba yeye hana haja ya kitabu kwa kuwa anayo maarifa ya moyo. Mwingine akiota ndoto nzito, kukicha huwatangazia majirani kwamba amepewa maarifa.

Maana yenyewe ni fupi. Katika usufi, yaani njia ya kiroho ya Kiislamu, maarifa ni kumjua Mwenyezi Mungu kwa kuonja, yaani kwa hali inayomfikia mja moyoni kutokana na ibada, zikri (kumtaja Mungu kwa kurudiarudia) na kuitakasa nafsi, ilhali elimu hupatikana kwa kusoma na kupokea kutoka kwa mwalimu. Wakristo nao wana mapokeo yanayokaribiana na hayo, hasa katika nyumba za watawa.

Kinachopotoshwa ni uhusiano wa mambo hayo mawili. Anayetajwa sana na watetezi wa moyo dhidi ya kitabu ni mwanazuoni wa Kiislamu Imamu Ghazali, kwa sababu mwaka 1095 aliacha kazi ya kufundisha katika chuo cha Nizamiya, Baghdad, akashika njia ya masufi. Ni kweli aliandika kwamba kuijua fasili ya afya si sawa na kuwa mzima, na kwamba tabibu aliyeugua huijua afya na dawa zake huku mwenyewe akiwa ameikosa. Lakini tabibu huyo hakuambiwa achome vitabu vyake vya tiba. Ghazali mwenyewe alipoandika Ihyaa, kazi yenye vitabu 40, cha kwanza kabisa alikifanya kuwa kitabu cha elimu. Kabla yake Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910 na ambaye masufi wengi humhesabu kuwa kiongozi wao, alikuwa mwanafikihi, yaani mjuzi wa sheria ya Kiislamu, naye alisisitiza kwamba njia yao imefungwa na Qurani na Sunna. Upande wa Wakristo, mwanateolojia Thomas Aquinas aliacha kuandika mwezi Desemba 1273, akisimuliwa kusema kuwa yote aliyoyaandika aliyaona kama makapi mbele ya kile alichoonyeshwa. Wanaopenda kisa hicho husahau kwamba aliyasema hayo baada ya kusoma na kuandika kwa miaka mingi, na kwamba anayeweza kuyaita maandishi yake makapi ni yule aliyekwisha kuyaandika.

Wanatarika, yaani wafuasi wa vyama vya kisufi, hutaja daraja nne: sharia, tarika (njia), hakika (ukweli wa ndani) na maarifa. Mpangilio huo si wa mapambo. Katika Kadiria, tarika iliyoota mizizi Bagamoyo na Tabora, miji ambayo misafara ya zamani iliiunganisha kwa kupita humu Ugogoni, murid, yaani mwanafunzi wa tarika, huchukua ahadi kwa sheikh na hupewa nyiradi (dua za kusomwa kila mara) kwa idhini. Katika halka, yaani duara, ya zikri yupo kiongozi anayeharakisha mwendo na kuutuliza, na hakuna anayejiendea tu kwa sababu moyo umemsukuma. Ajabu ni kwamba wanaoisifu zikri kama uhuru dhidi ya kanuni ni wale ambao hawajawahi kukaa ndani ya halka.

Liko pia suala la nani anafungwa na kilichoonjwa. Wengi wa wanazuoni wa Kiislamu wanakubali kuwa ilhamu, yaani jambo analotiwa mtu moyoni na Mungu, inaweza kumfikia mtu mwema, lakini hawaihesabu kuwa hoja ya kisheria ya kuwalazimisha wengine. Jambo linalofanana na hilo lilionekana katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika hadi kwa Waanglikana wa Tanganyika ya Kati: ndugu alitoa ushuhuda wake katika ushirika, mbele ya wenzake wenye Biblia mikononi, na wenzake hao walikuwa na haki ya kumhoji na kumtaka aweke mambo yake nuruni. Uzoefu wa ndani ulithaminiwa kuliko kitu kingine, na bado haukuachwa ujitolee hukumu wenyewe.

Ni nadra kumsikia mzee wa tarika akisema kwamba yeye amefika kwenye maarifa. Akiulizwa, hujiita murid, au hubadilisha mazungumzo. Basi nasi tungeweza kulitumia neno hilo kwa kiasi. Aliyeota aseme ameota, na kama ndoto imemsumbua amweleze sheikh au mchungaji wake. Aliyesukumwa na hisia kali wakati wa sala aseme amehisi. Ambaye hajasoma anaweza kusema hajasoma, wala si aibu, kwa kuwa darasa la baada ya Magharibi halimkatazi mtu mzima kuketi na kuanzia mwanzo.