Nesi wa utafiti hauzi damu yako, na wewe huna deni naye

Malalamiko yanayotufikia sisi wa kamati ya maadili ya utafiti siku hizi ni yaleyale, nesi katoa damu tena, eti inauzwa nje. Jamani, habari za mumiani tuziache. Kipimo cha kawaida ni kama mililita 5, kijiko kimoja cha chai, na sampuli haitoki nchini bila mkataba uliopitiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, unaosema inaenda wapi, inapimwa nini na ikibaki inafanywaje. Utafiti wenyewe hauanzi bila kibali cha NIMR, kibali ni cha mwaka mmoja, kikiisha bila kuhuishwa kazi inasimama, na kama ni majaribio ya dawa au chanjo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima watoe chao.

Fomu ya ridhaa nesi anakusomea yote, unauliza, ukitaka unaenda nyumbani kwanza kuongea na mwenzio, ukisaini nakala moja ni yako. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Dole likishachovywa kwenye wino na mama hajauliza hata swali moja, hiyo siyo ridhaa, na manesi wetu tunawaambia hivyohivyo. Najua wamebanwa, asubuhi yuko wodini, mchana anajaza fomu, na mshiriki akilazwa, hata kwa ajali ya bodaboda, ripoti itoke ndani ya saa 24.

Ila hili la kuingia utafiti ukidhani ndiyo tiba bora, tumelisema mpaka basi. Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria RTS,S yalianza Bagamoyo 2009, Korogwe pia walikuwemo, na watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa ile ya malaria, walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nesi aliyemfuatilia mtoto hakuambiwa kapata ipi, kwa hiyo akijibu "sijui mama" hafichi kitu. WHO iliipendekeza chanjo hiyo 2021, baada ya miaka yote hiyo.

Kujitoa ni ruksa siku yoyote, bila kutoa sababu, na kliniki yako ya kawaida inaendelea. Nesi akikutishia kwamba utakosa dawa zako za presha, piga namba ya kamati iliyoko kwenye fomu. Ila muage nesi, usizime simu tu, maana kama ulishameza dawa ya majaribio bado tunatakiwa kujua uko salama.