Kaboni 14 haipimi umri wa Jiwe la Bismarck

Ni imani ya miaka mingi: eti kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri muda unavyopita, hupima umri wa jiwe lolote, hata Jiwe la Bismarck, lile jabali la graniti ziwani hapa Mwanza. Haiwezi. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikipita miaka 50,000 iliyobaki ni kidogo mno kupimika. Majabali yetu ya graniti yana zaidi ya miaka bilioni 2. Umri wake husomwa kwa madini ya urani yanayogeuka kuwa metali ya risasi ndani ya punje ndogo za madini.

Tumbawe la baharini ni habari nyingine, maana limejengwa na wanyama hai. Likikatwa na kupigwa eksirei huonyesha mistari, jozi moja kwa mwaka, na kila mstari umetunza kaboni ya maji ya wakati wake. Hapo ndipo penye uhondo: miaka huhesabiwa kwa mistari, kwa hiyo kaboni 14 hutumika kujua maji yalikotoka. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliiongeza sana angani, ikaingia maji ya juu. Maji ya vilindini, yaliyokaa muda mrefu bila kugusana na hewa, yanayo kidogo. Ikishuka ndani ya tumbawe, ujue maji ya chini yamepanda.

Matumbawe ya visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, yalionyesha badiliko la ghafla mwaka 1976: msimu wa maji baridi kupanda ulipofika, kaboni 14 haikushuka tena kama zamani.