Kwa nini karatasi hujikunja mara mbili chini ya rangi ya akriliki?

Tandaza jeli ya akriliki, yaani uji mzito wa kuchanganyia rangi hiyo, juu ya karatasi kwa mwiko mdogo, mchoro upate matuta na mabonde, na karatasi itajikunja. Hilo kila mchoraji analijua. Wachache huangalia imejikunjia upande gani.

Mimi sikuangalia. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba mkosaji ni maji: karatasi imelowa, imevimba, basi. Dawa yake, nikasema kwa kujiamini, ni kutochanganya maji. Nikachukua karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nikapaka jeli moja kwa moja kutoka kwenye kopo, unene wa kama milimita 3. Asubuhi kingo zote nne zilikuwa zimenyanyuka kama bakuli. Nikailaumu karatasi. Nikatafuta nzito zaidi. Nayo ikanyanyuka, ila kwa adabu kidogo.

Maji yana hatia, lakini ya mkunjo wa kwanza tu. Nyuzi za karatasi zikilowa hunenepa sana, huku urefu wake ukibaki karibu uleule. Upande wa juu unatanuka, wa chini bado haujapata habari, hivyo katikati hutuna na kingo hushuka. Baadaye karatasi hugeuza msimamo na kujikunja kinyume, kuelekea kwenye rangi. Huo ndio mkunjo unaobaki.

Jipake ute wa yai mgongoni mwa mkono. Ukiwa mbichi hutahisi chochote. Ukikauka, ngozi inavutwa mpaka unatamani kunawa. Akriliki ni hivyohivyo. Ndani ya kopo mna chembe za plastiki zinazoelea majini, na ndizo zinazotawanya mwanga hata jeli mbichi ikaonekana nyeupe kama maziwa. Maji yakiondoka, chembe husongamana kama matonge ya unga yaliyokandamizwa, zinabonyea, mianya inazibika, na jeli inageuka utando mmoja unaopitisha mwanga. Utando huo una ujazo mdogo kuliko jeli uliyopaka, ila umekwisha kunasa kwenye karatasi. Ukisinyaa, unasinyaa nayo.

Kwa hiyo "jeli isiyo na maji" niliyojivunia ilikuwa na maji yake tangu koponi, nami niliipaka nene, nikauongezea nguvu mvutano uleule nilioukimbia. Pesti ya akriliki yenye unga wa marumaru kwa kawaida haisinyai sana kama jeli, maana jiwe halina maji ya kutoa; lakini ukiirundika kwa mkupuo mmoja, juu hukauka kwanza na nyufa hutokea.

Kubandika kingo kwenye ubao kwa tepu husaidia wakati wa kukausha. Kinachosaidia zaidi ni kupaka nyuma pia, ili pande mbili zivutane na kutoshana nguvu. Karatasi yangu ya mwisho imelala mezani ikiwa imenyooka, isipokuwa kona moja ambayo upande wake wa nyuma niliufanyia uvivu.