"Na Haki Yake": Sehemu Tunayoiruka Katika Mathayo 6:33

Bwana Yesu asifiwe.

Miezi michache iliyopita jumuiya yetu hapa Mbeya ilikuwa ikisoma Mathayo 6. Tulipofika aya ya 33, karibu kila mtu aliisema bila kufungua Biblia: "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake; na hayo yote mtazidishiwa." Nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja anayeuza maharage sokoni akasema, "Mwalimu, sado yangu ni nzima. Za wenzangu zimebonyezwa. Sasa huo ufalme nautafutaje, na mtaji unakwisha?"

Kwa asiyeyajua masoko yetu, sado ni ile ndoo ndogo ya plastiki, ya lita nne, iliyokuwa ya rangi. Wapo wanaoipasha moto kitako, kisha wanakisukuma ndani. Ikishajazwa maharage mpaka juu, huoni kitu. Mnunuzi akifika nyumbani akapima kwa kopo lake ndipo anakuta yamepungua. Mwenye sado iliyobonyezwa anaweza kushusha bei na bado akapata faida. Mwenye sado nzima ndiye anayeonekana ghali.

Nilimjibu haraka kwamba aombe tu, Mungu ataleta wateja. Akanyamaza kwa heshima. Njiani nikirudi nyumbani nilijua kabisa kwamba sijamjibu, na usiku ule nikalirudia andiko neno kwa neno.

Nimefundisha Biblia miaka mingi, na naona jinsi tunavyolisoma andiko hili. Tunashika "kwanza", tunashika "mtazidishiwa", na kilicho katikati tunakiruka. "Kwanza" tumeifanya kuwa suala la ratiba: ukiamka uombe kabla ya kushika simu, mshahara ukiingia utoe fungu la kumi kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Ni mambo mema, nami nayafanya. Lakini Yesu ametaja vitu viwili vya kutafutwa, ufalme wa Mungu na haki yake. Neno la Kigiriki lililotumika hapo, dikaiosune, ndilo lile lile la Mathayo 5:6 kuhusu wenye njaa na kiu ya haki, na la 5:20, ambapo Yesu anataka haki yetu izidi ile ya waandishi na Mafarisayo. Ni maisha yaliyonyooka mbele za Mungu na mbele ya jirani. Na kitenzi chenyewe kwa Kigiriki kina maana ya kuendelea kutafuta. Huwezi kukimaliza alfajiri ukakiweka kando. Saa nne asubuhi sokoni bado unatafuta, mikono ikiwa ndani ya maharage.

Wayahudi waliomsikiliza Yesu waliijua vizuri haki ya namna hiyo. Torati yao iliwaagiza wawe na mizani ya haki (Walawi 19:36), na Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kwa hiyo yule mama alikuwa akiutafuta ufalme tangu siku alipoamua kuiacha sado yake ilivyo. Nilipaswa kumwambia hivyo kabla ya kumwambia neno lingine lolote.

Tena "hayo yote" ni yapi? Rudi aya ya 31: tule nini, tunywe nini, tuvae nini. Basi. Inaniuma kusikia aya hii ikihubiriwa kana kwamba Yesu aliahidi magari na maghorofa, na watu wanakopa ili watoe sadaka. Katika mfano wa Mathayo 20, vibarua wanapatana dinari moja kwa siku na kulipwa jioni. Kwa watu wanaoishi hivyo, "tule nini" ni swali la leo usiku, na Yesu hakulidharau. Katika sala aliyotufundisha, "Ufalme wako uje" ni aya ya 10, na "Utupe leo riziki yetu" inafuata papo hapo, aya ya 11. Ufalme umetangulia, lakini chakula hakikusahauliwa.

Jambo lililonigusa zaidi liko katika neno "utafuteni" lenyewe, na Kiswahili chetu kinalionyesha waziwazi. Ile "u" ya mwanzo ni ya ufalme. Ile "-ni" ya mwisho ni ya watu wengi. Yesu hakumwagiza mama mmoja asimame peke yake na sado nzima katikati ya soko zima. Ametuagiza sote. Kanisa la kwanza lililielewa hivyo: Matendo 4:34 inasema hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwao mwenye mahitaji, na aya hiyo hiyo inaeleza kwamba waliokuwa na viwanja au nyumba waliviuza. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazidisho yao, na yalipita mikononi mwa ndugu.

Juma lililofuata nilimwomba radhi mbele ya jumuiya, nikayaeleza haya. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha mzee wetu mmoja akauliza, "Sisi hapa maharage tunanunua wapi?" Wengi tulikuwa tunanunua kwenye bei ya chini, yaani kwenye sado zilizobonyezwa.

Sasa kaya kumi na moja tunanunua kwake. Bado ana siku mbaya. Mwezi uliopita alirudi nyumbani na gunia karibu zima, na sitaki kusema mambo yamekuwa rahisi. Ila mtaji haujaisha, na sado ni ile ile.

Jumatano iliyopita kaka mmoja anayenunua viazi vijijini alibaki baada ya sala. Alitaka tuzungumze habari za lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Nimemwomba alete swali lake mbele ya wote, naye amekubali.