GB nyingi kwenye kadi ya picha si kasi ya gemu

Ujumbe ule unazunguka tena kwenye magrupu ya Arusha: ukiunda kompyuta ya gemu kwa bei nafuu, chukua kadi ya picha (graphics card) yenye GB nyingi za memori. Si kweli. Kadi ya GT 730 ya mwaka 2014, hata yenye GB 4, inaachwa mbali na GTX 1050 ya 2016 yenye GB 2. Kinachochora picha ni chipu. Memori ni ghala lake tu. Ghala likiwa dogo mno, gemu jipya litakwama, hilo kweli. Lakini ghala kubwa halimwongezei fundi mikono.

Kosa linaeleweka, maana GB ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kabla hujalipa, tafuta video ya kadi hiyo hiyo, jina kamili, ikicheza gemu lako, uangalie fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi inachora kila sekunde. Ujumbe ule usiusambaze tena, tafadhali.