Boga kubwa halinyweshwi maziwa

Wapo wanaochanja kikonyo cha boga na kupitisha utambi kutoka kwenye kikombe cha maziwa au maji ya sukari, wakiamini litanenepa. Halinenepi. Sukari ya boga hutengenezwa na majani. Maji huletwa na mizizi. Pale penye jeraha maziwa huchacha, sisimizi hujaa, kuvu huingia, na kikonyo kikioza boga limekwisha.

Uzito huanzia kwenye mbegu: tafuta Atlantic Giant, aina iliyoendelezwa na Howard Dill huko Nova Scotia, Kanada. Mche mmoja upewe mita za mraba 40 hivi. Chavusha kwa mkono asubuhi mapema, ua jike linapofunguka, kisha bakiza boga moja tu. Vifundo vya shina vifukie udongo. Kila kimoja kitaota mizizi yake.